Mjadala: Mzaha wa kihafidhina unajenga siasa au unachekesha tu?

Mwalimu wa Kaptembwo, Nakuru:

Ndugu zangu, naleta mjadala huu mapema kwa sababu siasa za uchaguzi wa 2027 hapa Kenya zimeshaanza kupamba moto. Mchekeshaji anayetetea mambo ya jadi, kwamba mke atulie, kijana anyamaze na mgeni arudi kwao, ana nguvu gani kwenye kura? Mimi nasema anayo, tena kubwa kuliko tunavyokubali.

Tazameni Marekani. Kwa miaka mingi vichekesho vya siasa kwenye runinga vilikuwa mali ya akina Jon Stewart na Stephen Colbert, na wahafidhina ndio waliochekwa. Mwaka 2021 Fox News, runinga inayoegemea wahafidhina, ikampa mwenzao Greg Gutfeld kipindi cha vichekesho cha usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na mara nyingi amewapita hao wakubwa kwa idadi ya watazamaji. Oktoba 2024 Joe Rogan, mchekeshaji ambaye mwaka 2020 alikuwa akimsifu Bernie Sanders, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, aliketi na Donald Trump karibu saa tatu kwenye podikasti yake, kisha akamuunga mkono siku moja kabla ya kura. Mwezi huohuo mchekeshaji Tony Hinchcliffe alipanda jukwaa la Trump pale Madison Square Garden akaiita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea baharini. Kampeni ikayakana maneno hayo. Trump akashinda.

Sidai kwamba Hinchcliffe alimletea kura. Kazi ya mzaha wa namna ile ni kuwazoesha watu. Leo mchekeshaji anasema jambo ambalo mwanasiasa akilisema ataitwa kujieleza. Watu wanacheka. Kesho mwanasiasa analisema mwenyewe na hakuna anayeshtuka.

Kwetu uhafidhina hauna chama. Uko kwa MC. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa kampeni hapa mjini, MC akamkaribisha mgombea wa kike kwa swali: "Mheshimiwa, mzee wa nyumba amekuruhusu?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, wanawake wakiwemo. Mama wa watu akatabasamu, akashika maikrofoni, na badala ya kueleza atakavyoleta maji mtaani akaanza kueleza ndoa yake. Alipofika kwenye maji, MC alikuwa anamwonyesha saa. Wagombea wa kiume waliomfuata, hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama mkewe anajua aliko.

Kijana wa Kondele, Kisumu:

Mwalimu, kwa heshima zote, nakupinga. Kabla ya kundi la wachekeshaji la Redykyulass, nani angethubutu kumwigiza Rais Moi kwenye runinga ya nchi hii? Wale vijana watatu walivunja woga ambao wanasiasa wa upinzani walikuwa wanapambana nao kwa miaka. Vichekesho ndivyo vilivyotufungua midomo, na ukianza kuuliza mzaha upi unafaa, atakayejibu ni serikali.

Na jibu lake tunalijua. Aprili 2025, hapohapo Nakuru kwako, wasichana wa shule ya Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao wa kuikosoa serikali, Mahakama Kuu ikiwa imeshaamuru waruhusiwe, na bado polisi wakarusha vitoa machozi. Watoto wa shule! Wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Kwa hivyo anayetaka kuwachunga wachekeshaji kwa jina la maadili ajue rungu hilo litamshukia nani kwanza.

Halafu Mkenya anacheka na MC mchana, jioni anapigia kura anayemtaka. Mwaka 2017 tulipata magavana wa kike watatu, 2022 wakawa saba, Nakuru na Homa Bay zikiwemo. Mzaha wa MC uliwazuia wapi?

Mama wa Kakamega:

Wanangu, mimi ni mhafidhina. Naenda kanisani, naamini mzee aheshimiwe, na sitaki kuambiwa kwamba hayo ni matusi. Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kipindi cha runinga cha Vitimbi walituchekesha miaka mingi, familia nzima ikiwa sebuleni, babu hadi mjukuu, na hakuna aliyehitaji kutoka nje kwa aibu. Na aliyechekwa zaidi alikuwa mzee mwenyewe, mwenye boma. Wa siku hizi wanamcheka bawabu Mluhya na ugali wake, halafu wanaita hiyo mila. Ni mila ya nani?

Mwalimu wa Kaptembwo:

Asante, Mama. Swali lako limepiga penyewe kuliko maelezo yangu yote.

Kijana, kuhusu Butere tuko pamoja kabisa. Nilikuwa mjini siku zile na nilikasirika. Sitaki polisi wala kibali. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kusema, na chenyewe kimeshaweka mpaka kwenye chuki na uchochezi. Lakini Redykyulass walimcheka Rais, mtu mwenye jeshi. MC wangu alimcheka mwanamke aliyekuwa akiomba kura mbele ya wenyeji wake. Hao hawawezi kuwekwa kapu moja.

Kuhusu magavana saba: kaunti ni 47. Na sheria ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya viti bado Bunge limeikalia, hata baada ya Jaji Mkuu Maraga kumshauri Rais mwaka 2020 alivunje kwa sababu hiyo.

Na usisahau mimi naishi Nakuru. Januari 2008 tuliona majirani wakifukuzana kwa kabila. Sisemi vichekesho ndivyo vilivyoua. Nasema mzaha kuhusu kabila la jirani hausikiki hapa kama unavyosikika kwenye ukumbi wa Nairobi, na MC anayelipwa na chama anajua hivyo. Ninachodai ni kidogo: chama kikimlipa mchekeshaji apashe umati moto, maneno yake yahesabiwe kuwa ya chama, na mgombea aulizwe palepale jukwaani kama anayakubali.

Kijana wa Kondele:

Hilo la anayelipwa na chama naweza kulimeza, Mwalimu. Lakini huku kwetu siasa nyingi hufanyika matangani. MC ameitwa na familia, mheshimiwa amekuja na bahasha, mzaha umeshatoka na marehemu yuko hapo kwenye jeneza. Hapo utamuuliza nani?