Tupeane uzoefu: oil za gia boksi za auto kwenye pickup na malori, na hizi dawa za kuongezea

MzeeWaTunduma: Wakuu habari za jioni. Leo nimepita gereji moja nikakuta Hilux imeinuliwa, sampu ya gia boksi (lile bakuli la oil la chini) imesharudishwa, dogo anajaza oil toka kwenye dumu lisilo na lebo. Namuuliza ni aina gani, ananijibu "ya auto mzee, nyekundu zote ni moja". Nikakosa amani kabisa. Rangi inawekwa tu ili ikivuja ujue ni ya gia boksi na siyo ya injini. Chukua aina za oil za auto: Dexron III nyekundu, T-IV nyekundu, WS nyekundu, Mercon nyekundu, na ndani hazifanani, uzito wake tofauti na ushikaji wake wa klachi tofauti. Mwenye kisa chake cha oil za auto au zile dawa za chupa ndogo aseme, hasa nyie wa mizigo.

Kisandu_: Mzee umenigusa. Hiyo kauli nimeisikia gereji zaidi ya moja.

DerevaNyandaZaJuu: Ngoja niseme ya kwangu maana kila nikiona gari la auto linapandisha mlima na mzigo nakumbuka.

Nilikuwa naendesha pickup ya bosi, auto, tunapeleka spea za mashine za mbao Makambako. Tulipofika Morogoro ikaanza kuchelewa kushika, unaweka D unasubiri ndo inasukuma, na chini kuna kivujo kidogo. Bosi kwa simu akasema pitisha kwa fundi mzigo unasubiriwa. Fundi akapima oil, akaongeza kidogo, halafu akatoa kopo la oil ya breki akamimina humo humo kwenye gia boksi. Nikashtuka nikamwambia kaka hiyo si ya breki? Akasema tulia, hii inavimbisha sili (ile mipira ya kuzuia oil isivuje), ndo dawa yenyewe ile mnayouziwa bei kubwa. Na kweli wakuu, sitaki kusema uongo, gari ikawa nzuri, kivujo kikakata, Mikumi tumepita vizuri, Ruaha Mbuyuni tumekula tumeendelea.

Kitonga sasa. Mnaijua Kitonga, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, nyuma yangu semi imejaa na nyuma yake basi. Kwenye kona za katikati injini ikapandisha mlio, mshale wa mzunguko uko juu, gari haisogei. Nakanyaga inalia tu. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Breki nimekanyaga mpaka mguu unatetemeka, hendibreki juu, na mzigo unaivuta. Yule dogo wa kupakia aliruka na jiwe kabla sijamwambia kitu, akaliweka tairi la nyuma, likateleza, akaongeza la pili ndo likashika. Semi ilikuwa imesimama karibu mno, naona taa zake tu kwenye kioo. Ndani harufu ya kuungua kama nywele. Tulikaa pale magari yanapishana kwa zamu mpaka lori moja likatuvuta hadi Ilula.

Iringa walipofungua, zile karatasi za klachi zimebanduka kwenye bati, zinaelea kwenye oil. Sili zimekuwa laini unazikata kwa kucha. Fundi wa pale mtu mzima akanieleza kwamba oil ya breki ni glaikoli, inavimbisha mpira kweli lakini haiishii hapo, inaulainisha mpaka unakufa, na inakula gundi inayoshika karatasi za klachi. Alisema ndo maana hata rejeta ikitoboka ndani, maji ya kupooza yakaingia kwenye oil ya auto na kuwa rangi ya maziwa ya pinki, boksi hazina maisha marefu.

Kisandu_: Daah pole sana kaka. Huyo dogo wa jiwe bosi alimpa chochote?

MamaJunior_Iringa: Kona zile hata ukiwa abiria unasali. Pole.

DerevaNyandaZaJuu: @Kisandu_ Bosi alimpa kazi ya kudumu, na alistahili. Mimi sikukatwa mshahara maana simu ya "pitisha kwa fundi" ilikuwa yake.

Fundi_Gerezani: Breki na auto haviingiliani hata tone. Ila msichanganye huo ujinga na dawa halali. Kuna viongezeo vya sili vinavyotengenezwa kwa ajili ya gia boksi, nimeviweka kwenye Prado ya zamani yenye kivujo kidogo shingoni na kikapungua, inafanya kazi mpaka leo.

KijanaWaMariakani: Fundi hapo sikubaliani na wewe. Hizo chupa zinavimbisha sili pia, tofauti ni mwendo tu. Sili ikishakauka dawa yake ni sili mpya. Hapa kwetu mekanika anakuuzia chupa Kirinyaga Road, Nairobi, mwezi unaisha unarudi kwake kushusha boksi.

Fundi_Gerezani: Mwendo ndo kila kitu, mdogo wangu. Sijasema inafufua klachi. Klachi ikishaisha hakuna chupa ya kuirudisha, nimesema kivujo kidogo.

KijanaWaMariakani: Sawa, lakini mteja haelewi hiyo tofauti, anasikia tu "kuna dawa".

BabaSalma_Muscat: Assalam alaykum. Mimi naendesha lori la maji huku Oman, gia boksi lake la auto ni la kampuni ya Allison, na jua la huku mwezi wa sita mnalijua. Allison wenyewe wanakataza kuongeza kitu chochote kwenye oil yao. Wana namba zao za viwango vya oil, TES 389 ni ya kawaida, TES 295 ni sintetiki, na sasa ipo TES 668. Huku kwenye joto na kusimama simama ni sintetiki tu, ile ya kawaida inachakaa upesi mno. Na zile Allison za kuchagua gia kwa vitufe hazihitaji kubahatisha kipimo, weka gari pahala tambarare, neutral, boksi likiwa na joto lake, bonyeza mishale miwili kwa pamoja, subiri, inakuonyesha yenyewe oil imetosha au imepungua kiasi gani.

Sangoma_wa_Semi: Sisi wa Volvo na Scania hatuna shida hizo, auto yetu unaweka ATF (oil ya gia boksi za auto) yoyote nzuri inakwenda.

Fundi_Gerezani: WEWE USIMWAMBIE MTU HIVYO. I-Shift ya Volvo na Opticruise ya Scania siyo auto ya konveta, ile inayopitisha nguvu ya injini kwa oil. Ni gia boksi ya manual, klachi kavu, kompyuta na upepo ndo vinakubadilishia gia. Humo inaingia oil ya gia iliyoandikwa na kiwanda, siyo ATF.

Sangoma_wa_Semi: Mbona hakuna pedali ya klachi?

BabaSalma_Muscat: Pedali haipo lakini klachi ipo ndugu yangu. Fundi kasema kweli.

Sangoma_wa_Semi: Basi nitamuuliza fundi wetu kabla ya sevisi. Ila toni yako fundi punguza.

DadaSpea_Kkoo: Nauza oil, acheni niseme. Mteja akija namwambia leta picha ya dipstiki (kijiti cha kupimia oil) au kitabu cha gari. Toyota za zamani nyingi imeandikwa pale pale kwenye dipstiki, Dexron II au III, nyingine T-IV. Hilux za kuanzia 2015 ni WS, na WS ni nyepesi, ukiiweka kwenye boksi la T-IV Toyota wenyewe hawaruhusu, na kinyume chake vile vile. Ranger ya gia sita ni Mercon LV, ya gia kumi ni Mercon ULV, usizichanganye. Na hili wengi hawalijui, GM waliacha kutoa leseni za Dexron III zamani, baada ya kuleta Dexron VI, kwa hiyo dumu la leo lililoandikwa Dexron III ni neno la mwenye kiwanda tu. Nunua kwa jina unalolijua na kizibo kisichofunguliwa.

Kisandu_: Dada, sasa boksi ya Dexron III niweke VI?

DadaSpea_Kkoo: GM wanasema VI inafaa hata kwenye boksi zao za zamani. Boksi ya Toyota ya zamani mimi sikuuzii VI, ni nyepesi zaidi.

KijanaWaMariakani: Mimi nimeweka VI kwenye Land Cruiser na iko poa.

Fundi_Gerezani: Iko poa ikiwa tupu. Ipandishe mlima wa Mai Mahiu na tani moja nyuma uje utuambie.

MamaJunior_Iringa: Na wale wanaosema gari ya kilomita nyingi usibadili oil kabisa, ukibadili inakufa?

Fundi_Gerezani: Inayokufa ilikuwa inakufa tayari mama, vumbi la klachi lililomo kwenye oil ndo lilikuwa linasaidia kushika. Usipige flashi ya mashine, ile ya kusukuma oil yote itoke kwa nguvu. Mwaga ya sampu, badili filta, jaza kiasi kile kile kilichotoka, tembea, rudia. Konveta inabaki na oil nyingi ndani kwa hiyo mara moja haitoshi.

MzeeWaTunduma: Na hii Hilux mpya isiyo na dipstiki, yule dogo alikuwa anajaza tu mpaka imwagike, gari imezimwa.

Fundi_Gerezani: Amekosea. Injini inawaka, gari imelala sawa, unapitisha gia zote taratibu, unasubiri oil ifike nyuzi kama 40, unasoma kwa mashine, ndo unafungua kizibo cha kipimo chini. Ikitoka mchirizi mwembamba funga. Ukijaza imezimwa, ukiwasha konveta inanyonya na boksi linabaki pungufu. Kama unamjua mwenye gari mpigie leo leo.

MzeeWaTunduma: Namba yake ninayo. Napiga sasa hivi.