Naomba ushauri: lugha ya Misa katika riwaya ya uasi wa 1549

Ndugu waandishi na wasomaji, natanguliza heshima. Ninaandika riwaya kuhusu uasi wa mwaka 1549 wa Devon na Cornwall, maeneo ya kusini-magharibi mwa Uingereza, ulioanza pale wanakijiji wa Sampford Courtenay walipomlazimisha padri wao aweke kando kitabu kipya cha sala cha Kiingereza, kilichoamriwa na serikali ya Mfalme Edward VI, na kurudia Misa ya Kilatini. Uchungu wa watu wa Cornwall, ambao baadhi yao hawakujua Kiingereza kabisa, ndio kiini cha kisa.

Nilipoacha sala katika Kilatini, wasomaji wangu wa kwanza walipotea. Nilipozitafsiri, lugha zote zikawa Kiswahili kilekile, na ugomvi ukakosa maana. Je, nizitofautishe kwa Kiswahili cha kale na cha sasa, au nibakize vifungu vifupi vya Kilatini?