Ushauri: Jezi "aliyovaa Samatta Wembley" inauzwa Moshi kwa milioni 1.2, nihakikisheje?

Mtoto wa Pasua:
Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Jumamosi nilikuwa soko la mitumba la Memorial natafutia watoto masweta. Jamaa mmoja ninayemjua kwa sura akanivuta pembeni, akatoa mfuko mweusi. Ndani kuna jezi ya Aston Villa, mgongoni SAMATTA 20. Anaapa ndiyo ile ya fainali ya Kombe la Carabao, tarehe 1 Machi 2020, siku Samatta alipowafunga Manchester City kwa kichwa cha kujirusha. Ina doa la kijani kiunoni, anasema ni nyasi za Wembley. Ina cheti kimepigwa lamination, muhuri wa rangi ya dhahabu. Kaipataje? Shemeji yake anafanya usafi Uingereza.

Saizi L, na mkono wa kulia una ile nembo ya simba ya Ligi Kuu ya England. Anataka milioni 1.2, eti kuna mtu Arusha kaahidi milioni na nusu. Hela ninayo, ila nusu ni ada ya mtoto na mama watoto hajui. Nifanyeje?

Kiboriloni Kwetu:
Milioni 1.2 Memorial? Kwa hela hiyo si unafungua belo lako mwenyewe, uwe jirani yake.

FundiJezi_A-Town:
Acheni utani, kijana kauliza vizuri. Mimi nabandika majina na namba kwenye jezi hapa Kilombero, Arusha, mwaka wa saba huu.

Kwanza, jezi ziko za aina tatu na wauzaji huzichanganya makusudi. Kuna ya dukani, ya shabiki. Kuna iliyoandaliwa kwa ajili ya mchezaji lakini haikuingia uwanjani. Na kuna iliyovaliwa kweli. Hizo mbili za mwisho zinaweza kufanana kila kitu, zinatofautishwa na ushahidi tu. Tena wachezaji wengi hubadilisha jezi mapumziko, kwa hiyo mechi moja inaweza kuzaa jezi mbili. Bao la Samatta lilikuwa dakika ya 41, maana yake hata akikuletea ya kipindi cha pili bado siyo ya bao.

Sasa hiyo nembo ya simba. Ile ni ya Ligi Kuu, na fainali ile ilikuwa ya Kombe la Carabao. Tafuta video ya bao, simamisha pale anapoinuka kushangilia, tazama mikono ya jezi. Mimi ningeishia hapo.

Ukitaka kujiridhisha, rudi kwake mchana wa jua. Igeuze ndani nje, mgongo uelekeze kwenye mwanga. Namba ikibanduliwa na kubandikwa nyingine, gundi ya zamani huacha kivuli, hata uifue mara kumi. Doa usilitegemee. Nyasi zipo hata uwanja wa Ushirika hapo Moshi.

Mama Eve:
Na hicho cheti kaka, kimetolewa na nani? Kina namba unayoweza kuipeleka kwa aliyekitoa akakujibu? Mimi nina steshenari ya kuchapa hapa Majengo, muhuri wa dhahabu nakutolea kwa elfu tatu.

Mzee wa Mawenzi:
Hata wakubwa hubishaniwa. Jezi ya Maradona ya 1986 dhidi ya England, ile ya bao la mkono, ilipouzwa na kampuni ya mnada ya Sotheby's mwaka 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 7, binti yake alisema siyo yenyewe, ni ya kipindi cha kwanza. Sotheby's wakaleta wataalamu wa kulinganisha jezi na picha za mechi, alama kwa alama. Kilichosaidia ni kwamba zile jezi zilinunuliwa harakaharaka madukani Mexico City, nembo zikashonwa kwa mkono na namba zikabandikwa za fedha, za mpira wa Kimarekani. Kazi ya haraka haitoki sawa mara mbili. Na njia yake ilijulikana: Steve Hodge wa England alibadilishana naye baada ya mechi, kisha ikakaa makumbusho miaka mingi.

Wamarekani ndio wamejipanga. Ligi yao kuu ya besiboli tangu 2001 ina mashahidi uwanjani, kitu kikitoka mchezoni kinabandikwa stika yenye namba palepale. Wewe shahidi wako ni shemeji wa mtu.

Kiboriloni Kwetu:
Shemeji anayefanya usafi 😂 Uingereza nzima, na chumba cha Villa wakamwachia yeye.

Mtoto wa Pasua:
Nimerudi leo saa saba. Nimeigeuza kama alivyosema FundiJezi, nikaiinua juani.

Wakuu, ile 0 imekaa palepale, lakini nyuma ya 2 kuna mstari wima umesimama kama nguzo. Juu yake, herufi za SAMATTA zina vivuli vimechomoza kushoto na kulia. Nikavihesabu kwa kidole: herufi nane. Kumi, herufi nane.

FundiJezi_A-Town:
GREALISH 10, yule aliyekuwa nahodha wa Villa. Ya shabiki, imebadilishwa jina. Na kazi yenyewe ni ya ovyo, hakusafisha gundi.

Mama Eve:
Ada ipo salama?

Mtoto wa Pasua:
Ipo dada. Nilipomwonyesha kivuli alinyamaza kidogo, akasema "basi leta laki mbili." Nikaanza kuondoka. Tukamalizana kwa elfu kumi na nane, dogo ataivaa mazoezini. Cheti kabaki nacho, anasema bado ana kazi nacho.