Nyembamba, ya kukunja au nene yenye betri kubwa: ipi ya kukaa nayo miaka mitano?

WakalaTabora

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kupima, maana mwezi ujao nanunua simu na safari hii sitaki kurudia kosa.

Mimi ni wakala wa pesa, nipo kibandani tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Simu niliyonayo ina miaka miwili na kidogo. Niliipendea umbo: nyembamba, mgongo wa kioo, inateleza mkononi kama kipande cha sabuni. Mwezi wa tatu betri ikavimba, mgongo ukabanduka upande mmoja hadi ukucha unapita. Fundi akaipasha moto gundi ilegee, akapenyeza kadi ya plastiki, mgongo ukapasuka vipande vitatu. Betri nyingine ilipatikana, mgongo haukupatikana. Sasa nimeifunga selotepu ndani ya kava, na betri yenyewe ikifika saa tisa alasiri iko asilimia 12, wakati wateja ndio kwanza wanatoka makazini.

Nina laki saba. Nimepita madukani nimeona mitindo mitatu. Kuna nyembamba, ambazo mwaka 2025 zimepamba moto: Galaxy S25 Edge ina milimita 5.8, iPhone Air 5.6. Najua hizo si za mfuko wangu, lakini kinachoanzia juu huwa kinashuka hadi kwenye simu zetu. Kuna za kukunja, nimeona used moja kwa bei inayokaribia. Halafu kuna nene zenye betri kubwa, ambazo muuzaji anazitoa chini ya meza kana kwamba anaona aibu. Nyie mnatumia zipi, na zimewakaaje?

FundiAggrey

Dada Wakala, pole sana. Nafungua simu mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo, mwaka wa kumi na moja huu, na simu za namna hiyo naletewa kila siku. Usimlaumu sana fundi wako. Mgongo wa kioo uliogandishwa unataka joto la kiasi kimoja pande zote. Likizidi, betri iliyovimba iko hapo chini na inaweza kulipuka moto. Likipungua, kioo kinakwenda. Inahitaji mashine yake, na wengi wetu tuna hita ya mkononi tu.

Mimi unene siupimi kwanza. Naangalia kama simu inafunguka bila kuumia. Muuzaji atakwambia gundi ipo kwa ajili ya maji. Galaxy S5 ya mwaka 2014 mfuniko wake ulitoka kwa ukucha, betri ukaichomoa kwa kidole, na bado ilikuwa na IP67, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Galaxy XCover7 ya mwaka 2024 ni hivyo hivyo: betri ya kuchomoa, tundu la earphone, sehemu ya memori kadi, na IP68 juu yake. Lakini tuseme ukweli wote: ina milimita 10.2 na betri yake ni mAh 4050 tu, yaani inabeba umeme mdogo. Betri ya kuchomoa lazima ivalishwe ganda lake gumu isitobolewe mfukoni, na ganda hilo linakula nafasi. Ndiyo maana kampuni zikaziacha. Galaxy S6 ya 2015 ikaja imefungwa, na wengine wakafuata njia hiyo.

Kwa laki saba XCover hutaipata kirahisi. Kwa hiyo ukifika dukani fanya hivi. Tafuta yenye mgongo wa plastiki, ukiuminya kidogo pembeni uone unarudi. Kisha, kabla hujalipa, nenda kwa fundi wa mtaani kwako umuulize kama ana betri, kioo na bodi ya chaji ya simu hiyo. Pini ya chaji ndiyo inayokufa mapema kwa watu wa kibandani, kwa sababu mnachomeka na kuchomoa mchana kutwa. Kama ipo kwenye bodi yake ndogo, ni kazi ya nusu saa. Ikiwa imechomelewa kwenye bodi kubwa, jiandae. Simu inayouzwa sana ina spea kila kona. Ile ya kipekee unayoiona wewe tu, spea utaisubiri iagizwe China.

BintiMvita

Mwenzangu, kuhusu ya kukunja nitakueleza mimi, kwa sababu ninayo hapa Mombasa mwaka wa pili. Sitaisema vibaya yote. Babangu ana miaka sabini na mbili, macho yamechoka. Jioni namfungulia kioo kile kipana anasoma tafsiri ya Kurani bila miwani, herufi kubwa, ukurasa mzima. Hiyo raha simu nyingine haijampa.

Lakini usiinunue kwa kazi yako, tena used. Yangu ilipofika mwezi wa kumi na saba, katikati ya mkunjo kulitokea kidoti cheusi kama kichwa cha pini. Kesho yake kikawa mstari, na baada ya wiki nusu ya kioo haishiki kidole. Nikaulizia kioo cha ndani, bei niliyotajiwa ingeninunulia simu mpya nikabaki na chenji. Natumia kioo cha nje tu sasa, na babangu tumemtafutia tableti.

Watu wakisoma IP48 kwenye Galaxy Z Fold6 hudhani ni ulinzi wa kila kitu. Ile 8 ni ya maji. Ile 4 maana yake inazuia vitu vinavyozidi milimita moja. Mchanga wa ufukwe wetu wa Pirates ni mdogo kuliko hapo, na vumbi lenu la bara ni laini zaidi. Pixel 10 Pro Fold ya 2025 ndiyo iliyokuja na IP68, yaani hata vumbi halipiti, kwa hiyo huenda miaka ijayo tukazungumza mengine. Used ya leo, hapana.

Mjelele

Naomba niwatetee wapenda wembamba kidogo. Mnazungumza kana kwamba nyembamba lazima iwe na betri ndogo. S25 Edge kweli ni mAh 3900, hilo limenisikitisha hata mimi. Lakini Tecno Pova Slim ya mwaka huo huo ina milimita 5.95 na mAh 5160. Siku hizi kuna betri za silikoni na kaboni, zinabeba umeme mwingi kwa ukubwa ule ule. Honor alianza nazo China mwaka 2023 kwenye Magic5 Pro, na OnePlus 15 imefika mAh 7300. Mimi natembea na bodaboda siku nzima, simu iko mfuko wa shati. Nene inanigonga kifuani kila tuta. Wembamba nauhitaji kweli, sifuati fasheni.

FundiAggrey

Mjelele, hapo umesema kweli na nakubali. Nami ndiyo maana nikasema siupimi unene kwanza. Ila hata betri hizo zitachoka siku moja, na swali litakuwa lile lile: inafungukaje?

KijanaWaMufindi

Mimi naomba tundu la earphone tu. iPhone 7 walipolitoa mwaka 2016 wengine wakaiga, na watu wa mjini wakanunua za bluetooth. Sisi huku waya wa earphone ndio antena ya redio. Bila waya FM haishiki. Nikiwa shambani kwenye chai, bando limeisha, redio ndiyo taarifa ya habari na ndiyo mpira. Dada Wakala, siku mtandao ukiwa chini kibandani kwako utanikumbuka.

MamaRotterdam

Nawasalimu kutoka Uholanzi. Natumia Fairphone 5, ya mwaka 2023. Pini ya chaji ilipoanza kulegea niliagiza mpya, nikakaa mezani na bisibisi moja, binti yangu wa miaka tisa akishika skrubu kwenye kisahani. Dakika kumi na tano, imekwisha. Betri unaichomoa kwa kidole. Kamera yake ni ya kawaida, tundu la earphone haina, na nikija nyumbani kioo kikipasuka hakuna wa kuniuzia. Kwa hiyo simshauri mtu wa Tabora ainunue.

Ninachotaka mjue ni kwamba sheria zimeanza kubana huku. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima betri yake ibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 800, spea ziwepo miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na apdeti miaka mitano. Natamani TCRA, wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, na wenzao wa Kenya waombe hivyo hivyo. Viwanda ni vile vile, wakiweza kutengenezea Wazungu wataweza kututengenezea sisi.

WakalaTabora

Nawashukuru wote. Nyembamba za bei nimeziondoa kabisa baada ya kuambiwa iPhone Air haina sehemu ya laini, ni eSIM tupu, yaani laini iliyomo ndani isiyochomolewa. Simu ikinizimikia saa tano asubuhi, nachomoa laini yangu ya uwakala naiweka kwenye kitochi, foleni inaendelea. Kwa eSIM ningefunga kibanda nikaanza kutafuta ofisi ya mtandao. Ya kukunja, BintiMvita ameniokoa.

Leo nimepata moja ya milimita nane na ushee, mgongo wa plastiki, mAh 6000, laini mbili na memori kadi kila moja na mahali pake. Nimezunguka kwa mafundi wawili hapa mjini kabla ya kulipa. Wa kwanza hana kitu. Wa pili ana betri zake tatu zimening'inia ukutani, na bodi ya chaji amesema elfu kumi na tano pamoja na kuifunga. Chenji imebaki elfu themanini, nimeiweka akiba ya kioo siku kikipasuka.

KijanaWaMufindi

Na redio?

WakalaTabora

Nimejaribu pale pale dukani kwa earphone za muuzaji. Inashika.