Naombeni ushauri: mikanda ya tandiko la farasi inapasuka na kuota fangasi

Habari wakuu, mimi fundi viatu huku Mufindi, kuna ranchi wameniletea matandiko ya farasi nirekebishe, vijana wao wanayatumia kuswaga ng'ombe kutwa nzima. Sasa mikanda ya vikuku (vile vyuma mpanda farasi anavyokanyagia), pale kwenye matundu ya kufungia, ngozi imekauka ukiikunja inachanika, halafu na huu ukungu wetu (si mnaujua) inaota fangasi nyeupe. Nimeosha na sabuni ya kipande, nikaanika kivulini, nikapaka mafuta ya ng'ombe, wapi, zinarudi.

Nipake mafuta gani yasiyofanya mkanda uvutike? Na mipya nikate ngozi ya kromu (iliyosindikwa kwa kemikali ya kromu) au iliyosindikwa kwa magome ya miti ya miwati? Kromu naona inavutika, na mkanda ukikatika mtu yuko chini.