Mrejesho: frampeni isiyogandisha kwa bajeti ndogo

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliwauliza ninunue frampeni gani isiyogandisha, isizidi 30,000, maana ile ya kwanza ilibanduka, vipande vyeusi vikawa vinaingia kwenye mayai ya wanangu. Asanteni sana mlionijibu.

Nilienda madukani Makoroboi, hapa Mwanza, nikapima uzito wa kitako kabla ya kutazama rangi, kama mlivyonielekeza. Nyingi zilikuwa nyepesi mno. Nikapata ya sentimita 24, kitako kinene, mpini haulegei, 27,000.

Jana nimekaanga sato wa soko la samaki la Mwaloni. Ngozi imeachia yenyewe, nikageuza kwa mwiko wa mbao, mafuta vijiko viwili tu!

Kosa langu nimelijua: nilikuwa naibandika tupu kwenye mkaa uliokolea. Utando wa PTFE, yaani ule unaozuia chakula kugandisha, huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 za Selsiasi hivi, na frampeni tupu hufika huko upesi. Sasa natia mafuta kwanza, moto wa wastani, na kuosha ni sponji laini, stilwaya haigusi kabisa.

Dada uliyesema chapati nizirudishe kwenye kikaango cha chuma, nimezirudisha. Zinaiva vizuri zaidi.