Jina lifaalo mtoto wa kike na wa kiume

Mama mtarajiwa, Mikindani: Ndugu zangu, tunatarajia mtoto, nasi tungependa jina lisilobagua jinsia. Je, Nuru na Amani yana asili gani?

Mwalimu, Lindi: Hongera, dada yangu. Nuru ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwanga, nalo hupewa wavulana na wasichana. Amani yetu, yenye asili hiyohiyo, hubeba utulivu na usalama. Lakini kwa Waarabu wenyewe Amani ni jina la kike lenye maana ya matumaini, tofauti ambayo binafsi naiona nzuri mno.

Mkazi wa Masasi: Masingasinga huweza kumpa mtoto wa jinsia yoyote jina Gurpreet, yaani upendo kwa Guru (mwalimu wa kiroho), kisha Singh humtambulisha mwanamume na Kaur mwanamke.

Mama mtarajiwa: Ahsanteni sana. Nuru limenigusa moyo.